Kambo na Shule Isiyo na Sare

Shule yetu haikuwa na kengele, wala geti, wala mwalimu mkuu wa kuogopwa. Ilikuwa na ukumbi wa kanisa kwenye ghorofa ya pili ya jengo kuukuu katikati ya Johannesburg, juu ya duka la jumla la mablanketi. Tulikutana humo Jumanne na Alhamisi. Siku nyingine kila mtoto alisoma nyumbani na mama yake. Familia zetu zilikuwa chache, nyingi za Wakongo, na aliyetukusanya alikuwa dada mmoja Mkenya mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Ndiye aliyeshughulikia karatasi zote za serikali, na ndiye aliyetufundisha ile njia ya kusomesha ambayo mpaka leo nikiisimulia watu wananitazama mara mbili.

Njia yenyewe ni ya kale. Mtoto mdogo anakariri. Akipevuka kidogo anaanza kuuliza na kubishana. Akikua anafundishwa kusimama mbele za watu na kusema. Wetu walikuwa bado kwenye kukariri, basi walikariri kila kitu: Zaburi, mito ya Afrika, wafalme wa Israeli, jedwali la kuzidisha kwa saba, na Kilatini. Ndiyo, Kilatini. Walikariri kwa kuimba, kwa kupiga makofi, na kwa kuruka mguu mmoja. Wauza mablanketi wakichoka walikuwa wakigonga dari kwa mpini wa ufagio, nasi tukaacha kuruka kwa muda, kisha tukasahau.

Mimi ni fundi cherehani. Mwaka huo, 2017, mashine yangu ilikaa karibu na dirisha la chumba chetu mtaani La Rochelle, na binti yangu wa miaka tisa alisoma akiwa sakafuni pembeni yangu. Mimi nashona, yeye anaimba wafalme. Nikawajua wafalme hao bila kuombwa. Mteja akinisumbua nilikuwa nampachika kimoyomoyo jina la mmoja wa wale waovu, halafu namkaribisha kiti kwa tabasamu.

Nilikuwa na furaha, niseme wazi. Utotoni nilisomeshwa kwa fimbo, na sikujua kwamba mtoto anaweza kujifunza huku anacheka. Mume wangu, ambaye alikuwa mlinzi wa usiku kwenye karakana moja Jeppestown, alikuwa akirudi asubuhi, anamsikiliza binti yetu akimwaga mito yote toka Naili hadi Zambezi, halafu anasema, "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wewe mama, endelea." Kisha analala na viatu.

Taabu ilitoka kwetu Lubumbashi. Kaka yangu mkubwa, ambaye Mungu alimpa simu kabla ya kumpa busara, aliandika kwenye kikundi cha ukoo kwamba huku Afrika Kusini nimemfungia mtoto ndani anashona vifungo. Uongo una mguu mmoja wa kweli: vifungo alishona. Tulikuwa tunavitumia kujifunza kuzidisha. Lakini nenda ukalieleze hilo kwa ukoo mzima saa moja asubuhi, shangazi zako wote wakiwa wameshaanza kulia.

Mama yangu alinipigia siku hiyohiyo.

"Banasema mutoto hasome. Njo kweli?" Njo kwetu ni ndiyo.

"Anasoma, Mama. Anasomea nyumbani."

"Mu nyumba tunalalaka. Masomo iko mu masomo," akasema. Kwetu Lubumbashi shule tunaiita masomo, kwa hiyo sentensi hiyo haikuwa na mlango wa kutokea. "Minakuja kumuchukua. Nimeisha kuongea na bamasela."

Bamasela ni masista. Mama alikuwa ameshaomba nafasi ya bweni kwenye shule ya masista, na kwetu neno la mama yako kuhusu mjukuu wake si ombi. Ningeweza kubisha mpaka nikauke koo, lakini akija mwenyewe, akakaa kwenye kiti changu na kusema anaondoka na mtoto, ningepata wapi uso wa kumwambia hapana? Nililia. Halafu nikakasirika. Halafu nikaenda kwa dada Mkenya.

"Wacha aje aone," akaniambia huku akipanga viti. "Kwani sisi tunaficha nini?"

Kilichofichika ni kwamba mwanangu hakujua Kiswahili. Alielewa, ndiyo. Ukimwambia leta chumvi analeta. Lakini mdomoni mwake mlikuwa na Kiingereza, na Kizulu cha kuchezea barabarani. Nilikuwa nimelea mtoto anayeweza kukupangia nomino za Kilatini lakini hawezi kumwuliza bibi yake kama amelala vizuri. Hilo lilinichoma kuliko maneno ya kaka yangu, kwa sababu lilikuwa kweli.

Basi nikafanya lile tulilolijua. Nikamkaririsha. Majuma yote Mama alipokuwa akitafuta pasi na viza, mimi na binti yangu tuliimba salamu pale kwenye mashine, kwa makofi, kwa mguu mmoja, mpaka akaziweza bila kukwama. Nikajipongeza.

Mama alifika kwa basi, baada ya kupita Zambia na Zimbabwe akiwa ameketi wima njia nzima, maana hamwamini mtu anayelala mbele za wageni. Alishuka na mabegi yake, na pamoja nayo sanduku dogo jipya la bluu. Nililinyanyua kumsaidia. Lilikuwa jepesi mno. Nikaelewa kwamba lilikuwa la kuwekea nguo za mwanangu.

Binti yangu alisogea mbele. Akasimama wima, mikono nyuma, kidevu juu, kama tunavyosimama ukumbini.

"Jambo, kambo," akaanza. Kambo ndivyo tunavyomwita bibi au babu. "Jambo sana, mutoto wangu. Safari ilikuwa muzuri? Ilikuwa muzuri. Umechoka? Nimechoka kidogo. Kule nyumbani banaikala muzuri? Banaikala muzuri, banakusalimia. Karibu, kambo. Aksanti, mutoto wangu."

Akainama kidogo kuashiria mwisho, akarudi nyuma hatua moja.

Mama alimtazama miguuni hadi kichwani. Kisha akanigeukia.

"Amejiuliza, amejijibu. Sasa miye niseme nini?"

Nilikuwa nimemfundisha pande zote mbili za salamu bila kumwambia kwamba moja ni ya mtu mwingine. Ukumbini ndivyo tulivyofanya kwa kila somo, mtoto mmoja anabeba swali na jibu. Mume wangu, aliyekuwa amesimama mbali na macho chini kama inavyompasa mkwe, alianza kukohoa, na nilijua vizuri kwamba hakuwa na kikohozi.

Hapo niseme kidogo kuhusu ukwe. Kwetu mwanamume hali chakula na mama mkwe wake, hamtazami usoni, wala hajibizani naye. Ni heshima. Lakini heshima hiyo ilitungwa na watu wenye viwanja vipana. Sisi tulikuwa na vyumba viwili vya kupanga. Mume wangu alikula kwa jirani, alilala nyuma ya pazia, na alipokuwa na neno alilisema kwa ukuta. "Ningekuwa na nafasi ya kusema," aliuambia ukuta asubuhi moja, "ningesema mtoto abaki." Mama, akimenya vitunguu, naye akaujibu ukuta kwamba amesikia. Msaada wangu wote kutoka kwa mwanamume niliyemwoa ulikuwa huo.

Siku ya pili Mama alifungua lile sanduku. Ndani mlikuwa na kitu kimoja tu: sare ya shule ya masista, sketi ya bluu na shati jeupe, aliyoishona mwenyewe. Yeye ndiye aliyenifundisha ufundi. Aliikata kubwa makusudi, pindo refu, ili mtoto aikulie miaka kadhaa. Niliigusa mishono yake. Ilikuwa kazi safi.

"Jumanne nitakuja kuona ile kitu munaita masomo," akasema.

Jumanne akaja. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akapanda ngazi za jengo lile polepole, akaketi nyuma karibu na mlango. Niliona macho yake yakitafuta. Yalitafuta ubao wakati sisi tuna ukuta uliobandikwa karatasi. Yalitafuta mwalimu, yakaona akina mama, wengine wana watoto mgongoni, mmoja anasikiliza hesabu huku anasuka nywele za mteja aliyemfuata mpaka huko. Yalitafuta sare. Watoto wetu walivaa walichovaa, na siku hiyo mmoja alikuja na kofia ya manyoya ya kondoo iliyobaki kwenye mchezo wa Krismasi.

Wakaanza jedwali la saba kwa kuruka. Chini wakagonga dari.

"Hii ni masomo ao ni chorale?" Mama akaniuliza, maana yake kwaya, na hakupunguza sauti.

Nilitamani kuzama sakafuni, hata kama chini ni kwa wauza mablanketi. Dada Mkenya naye akaamua, kwa ujasiri wake ule, kutoa silaha kubwa. "Watoto," akasema, "Kilatini. Baba Yetu."

Wakasimama wima, mikono nyuma, wakaanza: *Pater noster*, na kuendelea, kwa mdundo wetu wa makofi, haraka haraka. Nilikuwa nikimtazama binti yangu, sikumtazama Mama. Nilichosikia kwanza ni sauti nyuma yangu, nyembamba, ikienda taratibu wakati watoto wanakimbia. Mama alikuwa amesimama. Alikuwa akiimba.

Sikuwahi kufikiria. Mimi niliokoka nikiwa msichana, nikahamia kanisa la makofi na ngoma, na Mama alibaki Mkatoliki wake. Mambo hayo tuliyaacha mlangoni kila tulipokutana ili tusigombane. Lakini yeye alipokuwa mtoto, kabla misa haijaanza kusemwa kwa lugha za watu, aliimba kwenye kwaya ya misheni, na misa ilikuwa ya Kilatini. Watoto wakanyamaza mmoja mmoja. Yeye hakunyamaza. Alifumba macho, akaifikisha sala yote hadi amina kwa ile sauti ndefu ya kupanda na kushuka ambayo sisi hatukuwa nayo. Sisi tulikuwa na maneno. Wimbo wake tulikuwa hatujawahi kuusikia.

Chini hawakugonga.

Binti yangu alitoka kwenye mstari, jambo ambalo halikuruhusiwa, akaenda mpaka mbele ya bibi yake. "Gogo," akasema, maana aliposhtuka Kizulu ndicho kilichotangulia, "do it again."

"Anasema nini?" Mama akauliza.

"Anasema urudie."

Akarudia. Alirudia siku hiyo mpaka akaombewa maji. Nilifurahi mpaka nikawa mjinga, nikamkumbatia yule mama msusi pamoja na mteja wake.

Kama ningekuwa natunga, ningesema hapo Mama alikubali. Hammjui mama yangu. Tukiwa ndani ya teksi ya kurudi La Rochelle alisema, "Kilatini ni muzuri. Lakini masomo bila uniforme si masomo." Na kwenye simu aliwaambia masista waendelee kushika nafasi.

Lakini kitu kilikuwa kimeanza. Kila asubuhi mtoto alimfuata bibi yake jikoni kujifunza ule wimbo, na jikoni huwezi kuimba tu. Kuna moto wa kuangalia. Kuna sombe, majani ya mihogo, ya kutwanga. Kuna bukari, ambao wengine mnauita ugali, na Mama hakuruhusu mtu asonge bukari kimya. Alimwuliza mtoto swali, na mtoto akitaka kujijibu kwa maneno ya kukariri alimpiga kidogo kwenye vidole na mwiko. "Hapana. Ile ni yangu. Wewe ngojea." Mtoto alijaribu, akachanganya, akaweka Kiingereza katikati, akasema "eish" alipokwama, na siku moja nilimsikia Mama mwenyewe akisema "eish" alipounguza vitunguu. Nilikaa kwenye mashine yangu nikijifanya nashona.

Swali lao la kwanza la kweli lilikuwa kuhusu samaki. Mtoto alitaka kujua kwa nini samaki wa chumvi ananuka hivyo na bado tunamla. Aliuliza kwa Kiswahili, kibovu, cha kwake, ambacho hakuna aliyemkaririsha. Mama alijibu kwa urefu. Sikumbuki jibu, kwa sababu nilikuwa nafuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

Mwisho wa muhula tulikuwa na siku ya kusema. Kila mtoto alisimama mbele ya wazazi wote akasema jambo alilochagua mwenyewe. Binti yangu hakuniambia amechagua nini. Asubuhi ile alijifungia na Kambo yake akatoka amefunikwa na koti la baba yake hadi miguuni, nami nilikuwa na haraka, sikuuliza. Mume wangu alikuja pia, kutoka kazini moja kwa moja, akakaa pembe ya mbali na mama mkwe wake, karibu nje.

Zamu yake ikafika. Akavua koti.

Alikuwa amevaa sare ya masista. Sketi ilimfika karibu na kifundo cha mguu, na shati lingemtosha yeye na rafiki yake. Nikaona sanduku la bluu, nikaona basi, nikaona sakafu yangu karibu na mashine haina mtu. Nikasema moyoni: amechagua, amemfuata bibi yake, na nani wa kumlaumu.

Alisimama wima. Lakini mikono hakuiweka nyuma.

"Kambo yangu," akasema kwa Kiswahili, "anasema masomo bila uniforme si masomo. Miye niliwaza sana. Bamama hapa banafundisha. Batoto banasoma. Kambo anaimbisha. Kitu moja tu njo ilikosa." Akashika sketi kwa mikono miwili, akaitanua tuione. "Leo nimevaa. Sasa hapa ni masomo. Kambo, nimesema bongo?"

Bongo ni uongo. Kisha akanyamaza, akamtazama bibi yake, akangoja.

Ukumbi mzima uligeuka. Wengine walikuwa wameanza kucheka wakajizuia. Mume wangu alisahau ukwe wote, akamkodolea macho mama mkwe wake kwa mara ya kwanza tangu anioe.

Mama akainuka, akaenda mbele, akapiga magoti polepole mbele ya mtoto, akalishika pindo la sketi na kuligeuza ndani nje, kama anakagua kazi ya fundi mwingine.

"Hapana bongo," akasema. Akaninyooshea mkono bila kunitazama. "Makasi."

Fundi hakosi mkasi. Nilitoa wangu kwenye begi. Na pale mbele ya watu wote Mama alilikata lile pindo la miaka aliyoihesabia kwa masista, akazunguka sketi yote, mpaka ikamtosha mtoto kama alivyokuwa siku hiyo. Mimi peke yangu ndimi niliyejua alichokuwa anakata. Nililia kwa sauti, na dada Mkenya alidhani ni kwa sababu kitambaa kizuri kimeharibika.

Kwa kweli mambo hayakuishia hapo, kwa sababu wiki hiyohiyo kila mtoto alitaka sketi au kaptura ya bluu, na mimi na Mama tulishona mpaka sindano zikapata moto. Watoto wa shule isiyo na sare wakawa na sare. Dada Mkenya alilalamika kwamba hivi sivyo ilivyokuwa mipango. Mama alimpima kwa macho, akasema hata yeye angependeza na moja.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza kituoni, kule mjini, mapema kabla ya jua kuwa kali. Mume wangu alibeba mabegi makubwa mbele ili asitembee naye sambamba, Mama akabaki na lake la mkononi. Lile sanduku la bluu binti yangu alilivuta mwenyewe mpaka mlangoni mwa basi. Mama hakulipokea.

"Ile inabaki," akasema. "Nguo zako utazipanga wewe mwenyewe, siku utakuja kuniona."

Nilimsubiri mtoto aanze. Nilijua anazo salamu za kuagana, nilimsikia akizirudia chooni, pande zote mbili, tangu "safari njema" mpaka "aksanti". Alivuta pumzi. Mikono ikaanza kwenda nyuma, kisha ikarudi ikashika kitenge cha bibi yake.

"Kambo," akasema, "utarudi siku gani?"

Basi lilikuwa linanguruma na kondakta anaita watu wapande. Mwanangu hakujijibu. Alisimama kimya, uso juu, anangoja, na Mama yangu, ambaye hajawahi kukosa neno, alilazimika kwanza kushusha begi lake chini kabla ya kumjibu.